Maswali ya Wasomaji: Kilima Kifupi, Mlima Mrefu

SWALI: Nimejiandikisha mbio za kupanda mlima msimu wa baridi: kilomita 8, mita 900 za kupanda, mwisho ni kileleni penye theluji. Zimebaki wiki 10. Kilima nilicho nacho karibu nakimaliza kwa dakika 2 na nusu. Nakipanda mbio zote mara 12, kila baada ya siku moja, lakini vigimbi vinauma na asubuhi ukano wa kisigino umekaza. Nakosea wapi?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Mita 900 ndani ya kilomita 8 ni mwinuko wa wastani wa asilimia 11, na utapanda kwa saa nzima au zaidi bila mteremko wa kupumulia. Mazoezi yako yanakufundisha kutoka mbio kisha kupumzika, na mlimani hakuna kupumzika.

Kisigino nacho kina sababu. Unapopanda kwa ncha za vidole, kisigino huning'inia chini na ukano huvutika kuliko tambarare. Siku moja haitoshi kuutuliza. Achana na kilima mpaka uamke bila kukaza, kisha rudia mazoezi ya kupanda mara 2 tu kwa wiki, siku 3 katikati.

Siku ya kwanza iwe ya kilima: mara 6, kwa nguvu inayokuruhusu kusema maneno matatu manne tu, ukishuka kwa kutembea. Ongeza mara moja kila wiki, ukomee 10. Mpando wa mwisho ukichelewa zaidi ya sekunde 5 kuliko wa kwanza, ulianza kwa pupa.

Siku ya pili ndiyo yenye faida zaidi, ingawa inachosha akili. Weka mashine ya kukimbilia kwenye mwinuko wa asilimia 15, kasi ya kilomita 6 kwa saa. Hapo unapanda karibu mita 15 kila dakika, yaani dakika 40 ni kama mita 600. Usishike vyuma vya pembeni. Ukivishika, mikono inabeba uzito ambao miguu ilipaswa kuuzoea. Huna mashine? Ghorofa 10 zenye kimo cha mita 3 kila moja ni mita 30, basi zipande mara 20. Lifti ikiwepo, shuka nayo, mapaja yasichakae bure.

Na kutembea si aibu. Penye mwinuko mkali, hatua ndefu na viganja vikisukuma mapaja juu kidogo ya magoti mara nyingi vinakufikisha sawa na anayekimbia, moyo ukiwa umetulia zaidi. Zoea kubadili kabla pumzi haijakatika.

Siku 10 za mwisho punguza wingi wa mazoezi kwa nusu.

SWALI: Nikipanda kwenye baridi nalowa jasho, nikisimama natetemeka. Nivae nini?

JIBU: Anza ukihisi baridi kidogo. Vazi la ndani liwe la sufu au poliesta linalobana. Pamba hushika jasho. Koti kavu likae ndani ya begi, ulivae mara tu ufikapo juu, kabla ya kupiga picha. Funika mdomo kwa skafu nyepesi, maana hewa baridi na kavu hubana kifua. Kikilia filimbi, muone daktari kabla ya mbio. Ukinywa kwa mrija wa mfuko wa maji wa mgongoni, puliza maji yarudi mfukoni, la sivyo yataganda mrijani. Meno ya chuma ya kuvalia juu ya viatu ili usiteleze kwenye theluji yajaribu mapema, ukiyavaa na kuyavua na glavu mkononi.