Wasomaji wanauliza: Ng'ombe wawili na kesi ya ubakaji

Binti wa dada yangu ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Alibakwa na kijana wa jirani akitoka shamba la viazi. Zimepita wiki mbili. Wazee wameketi, wakaamua upande wa kijana utoe ng'ombe wawili na laki tano, yaishe. Mmoja alisema bora amwoe tu. Dada ameitikia kwa kuogopa aibu. Nimechelewa? (Mama mdogo, Tukuyu)

Hujachelewa kushtaki. Kosa hili halina siku ya kuisha muda wake, na kikao cha ukoo hakina uwezo wa kulifuta. Hata Mahakama ya Mwanzo hailisikilizi. Linaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Anayepokea mali ili kosa la jinai kubwa lifichwe anajiingiza mwenyewe kwenye kosa, kwa hiyo wazee wako wanajitafutia kesi yao. Kuhusu fidia, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtaka hakimu aamuru alipwe aliyetendewa, juu ya kifungo. Wenye kudai ng'ombe wanabadilisha haki kamili kwa kipande chake.

La ndoa ndilo baya zaidi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 jela.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi cha wilaya, ukiwa na binti na cheti chake cha kuzaliwa, au barua ya shule inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Polisi watauliza kwa nini mmekaa wiki mbili. Semeni wazi: wazee waliweka kikao. Ucheleweshaji usio na maelezo ndio unaoua kesi. Wenye maelezo ya kweli hauui. Hospitali apimwe mimba na virusi vya UKIMWI, na kipimo cha virusi kirudiwe baada ya miezi mitatu. Kama nguo za siku ile hazijafuliwa, zipelekeni kama zilivyo.

Kwa msomaji ambaye jambo limetokea jana: saa 72 ndizo muhimu. Dawa za kinga dhidi ya virusi zinaanzwa ndani ya muda huo, mapema iwezekanavyo, na zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, asijisafishe sehemu za siri, asipige mswaki kama mdomo ulihusika. Kila nguo iwekwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika. Na katika baridi ya huku, nguo mbichi haikauki upesi, hivyo ianikwe kivulini kwanza, isisuguliwe wala kuanikwa juani.

Hapa mtaani wanasema aliyebakwa hakuwa na jeraha wala hakupiga kelele, basi alikubali. Na hakimu atasema hivyo? (Mbalizi)

Hapaswi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba alama za kupambana mwilini si sharti la kuthibitisha kuwa hakuridhia, na kwamba kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Mtu akishikwa na hofu anaweza kuganda. Mwili hausubiri ruhusa ya majirani. Akiwa chini ya miaka 18, suala la kuridhia halipo kabisa, isipokuwa ni mke wa mshtakiwa mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hawajatengana. Mwanya huo unatukera, lakini bado umeandikwa humo.

Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kuwa ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa, na hakimu anaweza kutia hatiani kwa maneno yake pekee akiyaamini. Linalompa uzito ni kumtaja mtuhumiwa mapema, kwa mtu wa kwanza anayemwona: mama, mwalimu, balozi wa nyumba kumi. Akimtaja baada ya mwezi, wakili wa utetezi ataanzia hapo.

Miaka 30 imeandikwa kwa wabakaji, halafu tunakutana nao stendi. Kwa nini wasinyongwe? (Fundi wa mbao, Mafinga)

Kabla ya 1998 sheria ilikuwa na kifungo cha maisha kama kikomo cha juu tu, hakimu akashuka atakavyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka huo ikaweka sakafu: si chini ya miaka 30, pamoja na viboko. Kwa aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10, na kwa wanaobaka kwa genge, ni maisha. (Kijana wa miaka 18 au chini anayekosa mara ya kwanza hupewa viboko tu, jambo ambalo wengi hawalijui.) Adhabu si nyepesi. Shida iko kwenye ushahidi, na hapo mtaa wenyewe una mkono.

Wengi huachiwa katika rufaa kwa dosari ndogo. Umri haukuthibitishwa: kutaja miaka kabla ya kiapo si ushahidi, lazima umri uthibitishwe mahakamani, kwa mfano na mzazi, daktari, cheti au shule. Wasichana wanaotoka Iringa na Njombe kwenda kazi za ndani mijini wanaumia hapa, kwani cheti kimebaki nyumbani na mama yuko mbali. Mtoto asiyezidi miaka 14 asiyekula kiapo lazima aahidi kusema kweli; ahadi isipoandikwa, ushahidi wake unaweza kutupwa. PF3 (fomu ya polisi anayoijaza daktari baada ya kumpima aliyetendewa) ikipokelewa bila kusomwa mahakamani, huondolewa kwenye kumbukumbu, na daktari asipofika kueleza alichokiona, pengo la ushahidi wa kitabibu halizibiki. Tarehe ya hati ya mashtaka ikipishana na ya mashahidi, nayo ni mlango wa kutokea.

Halafu kuna wale waliopiga kelele "anyongwe" siku ya kwanza, na siku ya kusikilizwa hawaonekani kizimbani. Shahidi asipotokea mara kwa mara, shauri hufutwa. Kitanzi kingewafanya wajifiche zaidi, hasa kama mshtakiwa ni mjomba.

PF3 inauzwa shilingi ngapi? (Kilolo)

Haiuzwi. Na kama hali ni mbaya, tangulieni hospitali, fomu itafuata.