Koli na sindano ya kupe ya ng'ombe

Kama una mbwa wa aina ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo) na unajiuliza umchome sindano ya kupe ya ng'ombe, jibu ni hapana, usimchome. Hiyo ivamektini, dawa ya kuua kupe na minyoo wanayopigwa ng'ombe kule Mbarara, Uganda, inaweza kumuua koli. Wengi wa aina hii wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya MDR1, iligunduliwa 2001 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Washington State. Dawa inapenya na kujikusanya kwenye ubongo badala ya kurudishwa nje: mbwa anapepesuka, mate yanamtoka, haoni, mwisho anazirai. Na chupa ya ng'ombe huwa na miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo ukikosea kidogo tu kwenye bomba umeshamzidishia mno. (Vidonge vya minyoo ya moyo vina kiasi kidogo sana cha dawa hii, hivyo kwa kipimo chake havina shida.)

Kupe mtoe kwa mkono. Mchane manyoya mpaka uione ngozi, hasa nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Mimi hapa Jinja nafanya hivyo kila jioni, redio pembeni. Kumnyoa usijaribu, utaiacha ngozi yake ipigwe na jua tu. Kama wako ni chotara, mwambie daktari wa mifugo kabla hajachagua dawa, maana na chotara hurithi.