Maisha yangu yana watu wengine ndani yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mtu wa kawaida ana sababu ya kuandika kitabu cha maisha yake?" Swali lenu limenichoma, maana mimi ni mtu wa Ujiji, na mji huu umeandikwa na kila mtu isipokuwa wenyewe. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, na mwaka uliofuata kitabu chake kilishatoka London. Tippu Tip, aliyetajirika kwa pembe za ndovu na watumwa wa Manyema, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905, na Wajerumani wakayachapa. Waliobeba zile pembe hawana hata ukurasa. Mgeni akija leo anapelekwa kwenye mnara wa Livingstone, anapiga picha, anaondoka. Kwa hiyo ndiyo, mtu wa kawaida aandike, tena aandike yote, asifiche kitu.

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiandika. Sura ya utoto wangu Kitongoni ilikwenda yenyewe. Inayofuata ni ya bibi yangu mzaa mama, nayo imenishinda kuimaliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja mtaani kijana mmoja wa chuo, ana redio kaseti, anakusanya habari za wazee. Bibi alikuwa barazani, mkekani, anachambua dagaa. Alimkaribisha vizuri, nikatumwa kuchemsha chai. Kijana akamwamkia, akabonyeza kitufe, akauliza, "Bibi, wazazi wako walitokea wapi?"

"Hapa hapa Ujiji."

"Na wazazi wao?"

"Hapa hapa."

Kijana akazunguka. Akauliza habari za ng'ambo ya ziwa, za Wabwari, Wagoma na Wabangubangu, nani alivuka na kwa sababu gani. Bibi akamweleza bei ya mawese. Akamweleza namna ya kumtambua samaki mgebuka aliyelala tangu jana. Akamweleza reli ilivyofika Kigoma mwaka 1914, yeye akiwa msichana, na watu walivyotoka Ujiji kwa miguu kwenda kulitazama gari moshi. Upande mzima wa kanda ukajaa mambo hayo. Kijana alikuwa mpole lakini king'ang'anizi. Mwisho akauliza waziwazi kama mtaani kwetu walikuwepo watumwa. Bibi akaacha dagaa, akamtazama.

"Na wewe mjukuu wangu, bibi yako alitoka wapi?"

Akataja kijiji chao.

"Na kabla ya hapo?"

Kijana hakuwa na jibu. "Basi kunywa chai, inapoa," bibi akamwambia.

Alipoondoka, bibi akaniambia nikae. Mama yake alivushwa ziwa akiwa binti mdogo, kamba shingoni, pamoja na dada yake. Dada aliishia njiani, na kaburi lake halijulikani. Yeye alipofika Ujiji akaingizwa katika nyumba fulani, na bibi akaitaja nyumba hiyo. Nikashtuka. Watoto wa pale nilisoma nao madrasa. Mjomba wangu alikuwa ameoa kwao. Na bibi alipofariki, vijana wa nyumba ile walikuwa wa kwanza kulibeba jeneza. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922. Nyumba hizi mbili zikaendelea kuazimana chumvi, huku wajua, kule wajua, na hakuna anayesema.

"Hayo si ya kwenye mashine," bibi alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu utaolewa, na lazima ujue ulikotoka."

Miaka mingi nimeamini kwamba ile ilikuwa aibu. Sisi Wamanyema wa Ujiji tunajitaja kwa fahari leo, lakini nimeona wazee wengi wakikwepa swali la nani alivuka kwa hiari na nani alivushwa. Sasa ninapoiandika hadithi hii kwa urefu, namwona bibi kama mama aliyekuwa na ndoa ya mwanawe, yaani mjomba wangu, mkononi. Angesema kwenye kanda, ile ndoa ingeishije?

Basi, mhariri, nabadilisha nusu ya jibu langu. Mtu wa kawaida anayo sababu kuliko hata wakubwa, ila hana ruhusa ya kuandika yote. Mama yake bibi nitamtaja kwa jina lake, pamoja na kamba, ziwa, na dada aliyeishia njiani. Nyumba iliyompokea sitaitaja. Najua mtu ataniambia kwamba hivyo namsitiri aliyefunga na kumwacha wazi aliyefungwa. Hoja hiyo ni nzito, na bado inaniuma. Huenda wajukuu wa nyumba ile wakataka kusema wenyewe siku moja. Wakisema, nami nitaongeza langu.

Kwa sasa sura hiyo iko Mwanga kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye damu yake ni ya nyumba zote mbili. Nimemwomba aisome kwanza. Akiikataa itabaki daftarini, na sura nyingine zitakwenda kwa mchapaji bila hiyo.

Mwalimu mstaafu, Ujiji