Samli, Njugu na Mzigo wa Mlima Elgon

SWALI: Tuko wanne, tunatoka Kisumu kwenda kupanda Koitobos, kilele kimoja cha Mlima Elgon, kwa siku tatu kupitia lango la Chorlim. Tumeshauriwa tubebe mafuta ya kula kwa wingi ili mzigo upungue. Mafuta gani, kiasi gani, na tuyafungeje yasimwagike? – Msomaji, Kondele

JIBU: Ushauri huo ni kweli nusu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4 tu. Lakini Koitobos iko mita 4,222, hewa ni haba, na mwili hutaka oksijeni zaidi kuchoma mafuta kuliko wanga. Tena mlo wa mafuta hukawia tumboni. Mchana mkipanda, tafuneni chapati na sukari nguru. Mafuta yasubiri jioni kambini.

Pimeni vijiko vinne vya mezani kwa kila mtu kwa siku, kama gramu 60. Kwa safari yenu ni gramu 720. Chukueni samli, si siagi: siagi ina maji ndani yake na huharibika upesi bila friji. Joto la Kisumu litaiyeyusha samli, na baridi ya Elgon itaigandisha. Ndiyo maana chupa ya mdomo mwembamba haifai kabisa. Mtaitikisa usiku na njaa yenu na haitoki kitu. Tafuteni mkebe wa mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha. Kadiri mnavyopanda, hewa iliyomo hutanuka na kusukuma mafuta penye uwazi, kwa hiyo ulegezeni mkebe mkifika langoni, mfunge tena, na usimame wima mkobani. Msitegemee mifuko ya nailoni: plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika mbuga za taifa tangu Juni 2020.

Njugu karanga, gramu 100 kwa mtu kwa siku. Karibu nusu yake ni mafuta. Nunueni nzima, kwa kuwa zilizosagwa hukutana na hewa na kuchacha mapema. Zichambueni kwa makini sana. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyo chungu itupwe, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa.

Omena zikaangwe hadi zivunjike mkononi, na zipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Zikifungwa moto, mvuke hugeuka maji na ukungu huota. Maharagwe makavu yaacheni nyumbani: kwenye mita 3,500 maji huchemka kwa nyuzi 88 hivi, nayo yatakawia mno kuiva.

SWALI: Na kwa matembezi ya nusu siku kwenye kreta ya Menengai, nibebe nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapo uzito si hoja. Maji lita mbili, chapati mbili, avokado moja. Ichague ambayo bado ngumu kidogo, uitie ndani ya bakuli lenye kifuniko, na chumvi kando.