Kazi imalizwe nyumbani, gerejini uende na mikono

Wiki hii mmetuuliza kama tungekodi gereji ya kulipia kwa saa tukatengeneza magari yetu wenyewe. Mimi nimeshakodi mara kadhaa na nitakodi tena. Raha yake naijua: lifti ipo, mwanga upo, spana zimepangwa ukutani, wala hulali chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, jambo ambalo mtu yeyote asilifanye popote. Ninachokiogopa kule ni saa inayohesabu.

Mara ya kwanza nilikwenda kubadilisha pedi za breki za mbele, nikalipia saa 2. Gurudumu la kushoto halikunisumbua. La kulia, nilipotoa pedi, nikakuta ya nje imebaki nusu, ya ndani imekwisha hadi chuma, na zote zilifungwa siku moja. Nikajaribu kuisogeza kwa mkono kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki, haikutikisika. Pini yake moja ya kutelezea ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi karibu yote. Nikizungusha bolti yake niifungue, pini nayo inazunguka, mpaka nilipopata spana nyembamba ya kuizuia.

Zikabaki dakika 15. Nakumbuka nilichowaza: funga pedi mpya uende zako. Ningefanya hivyo, pedi mpya ingeliwa vilevile, na safari hii ningekuwa naiamini. Nikalipia saa ya tatu. Pini nikaisugua kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, nikaipaka grisi ya breki, maana grisi ya kawaida huvimbisha raba zake, nikairudisha. Kalipa ikateleza kwa kusukumwa na kidole.

Tangu hapo kazi yangu huanza siku kadhaa kabla. Natoa vipuri kwenye boksi na kuhakikisha ni vya gari langu hasa, kwa sababu pedi zinazofanana sana zinaweza kukataa kuingia. Usiku wa kuamkia kazi napulizia bolti zenye kutu dawa ya kulegeza, lakini kamwe si karibu na diski wala pedi. Muda ninaodhani utatosha nauzidisha mara mbili. Na sikodi saa za mwisho kabla ya kufunga: gari lililovuliwa breki haliendi popote, na mtu anayesubiriwa na mwenye ufunguo hukaza nati ovyo.

Kuna kazi sizigusi. Springi ya shoku iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua, na mkoba wa hewa kwenye usukani si kitu cha kujifunzia. Hizo nampelekea fundi na kumlipa kwa moyo mkunjufu.

Kwa atakayeanza na pedi, kama nilivyoanza mimi: ukirudisha ndani pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, angalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwani yanababua rangi ya gari. Nati za magurudumu zikaze kwa kupishana, umalizie kwa spana ya kupimia mkazo gari likiwa chini, kisha uzipime tena baada ya kilomita 50 hivi. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki gari likiwa limesimama. Mara ya kwanza pedali itazama karibu hadi chini. Endelea kukanyaga hadi iwe ngumu, ndipo uweke gia.