Seva inayougua kila Jumatatu

SWALI: Assalaam aleikum. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko karibu na bandari ya Kilindini. Kila Jumatatu asubuhi tukiwasha seva, feni huvuma kwa nguvu lakini skrini hubaki nyeusi. Tukiizima na kuiwasha mara tatu nne huamka, na ikifika saa tano haina neno tena. Logi yake, yaani daftari la matukio, inataja makosa ya RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) kwenye sloti A2. Fundi anasema madabodi (bodi kuu) imekufa, tununue nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Makupa

JIBU: Waaleikum salaam. Msinunue kitu bado. Madabodi iliyokufa haifufuki saa tano. Hitilafu inayokuja na unyevu na kuondoka chumba kikikauka mara nyingi huwa pale vifaa vinapogusana, na tunakisia kiyoyozi chenu huzimwa wikendi nzima.

Vumbi la Mombasa lina chumvi ya bahari ndani yake. Chumvi huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, na usiku wa pwani hupita hapo mara nyingi, masika zaidi. Utando huo wa maji ya chumvi ukikaa juu ya meno ya dhahabu ya RAM (sehemu zinazogusana na sloti), umeme huvujia pasipostahili, na shaba iliyo chini ya dhahabu huanza kuliwa.

Wekeni nakala ya data, kisha zimeni seva kwa utaratibu. Kama ina pawasaplai mbili, chomoeni waya zote mbili; ukichomoa mmoja tu, bodi bado ina stima. Bonyezeni swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliosalia uishe. Pigeni picha mjue kila kijiti cha RAM kilikaa wapi. Vaeni mkanda wa mkononi wa kuzuia umemetuli.

Vichomoeni vijiti, kisha futeni meno kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Tafadhali sana, msitumie raba ya penseli, ingawa mafundi wengi huipenda: hukwangua dhahabu na kuacha chembe ndani ya sloti. Wala msipulize kwa mdomo, mate nayo yana chumvi. Mkiona ukijani kwenye meno, kijiti hicho kibadilishwe. Subirini dakika 15, rudisheni kila kijiti mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie.

Makosa yakirudi, badilishaneni kijiti cha A2 na cha sloti nyingine. Kosa likihama pamoja na kijiti, kijiti ndicho kibovu. Likibaki A2, tazameni soketi ya prosesa kama kuna pini iliyopinda. Hapo ndipo neno la fundi wenu litakapokuwa na uzito. Kijiti kipya kiwe cha aina ileile: RAM ya rejista (yenye chipu ya ziada ya kupitisha ishara) haichanganywi na isiyo na rejista.

Kiyoyozi kisizimwe wikendi. Nyuzi 18 hadi 27 zatosha, unyevu usizidi asilimia 60. Kipima unyevu kidogo ukutani kitawaonya. Nyuzi 16 si ulinzi: mlango ukifunguliwa, hewa ya nje hutoa jasho juu ya chuma baridi.

SWALI: Diski moja kati ya nne za RAID 5 (mpangilio unaogawa data kwenye diski kadhaa) inawaka taa ya rangi ya chungwa. Niichomoe? – Msomaji, Nyali

JIBU: Nakala kwanza. RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja tu. Ukikosea ukachomoa iliyo nzima, data yote inasimama. Linganisha namba ya diski kwenye programu ya RAID na ile ya trei yake. Kama trei zinaruhusu kubadilisha diski seva ikiwaka, usiizime. Diski mpya iwe na ujazo uleule au zaidi, na mpaka ujenzi mpya wa data kwenye diski hiyo ufike asilimia 100, kazi nzito zisubiri, maana ndio wakati diski nyingine iliyochoka hujitokeza.