Kabla ya kuhamia Git, tafuta kwanza user2 ni nani

Katika programu yetu ya kupokelea kahawa kuna mstari ambao kila kijana mpya anataka kuufuta. Programu hutoa uzito wa gunia kabla ya kumwandikia mkulima kilo zake, lakini kwa chama kimoja cha msingi huko juu mlimani haitoi. Ukiusoma haraka utasema ni kosa. Maelezo yake hayamo kwenye msimbo, yamo kwenye ujumbe wa komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo) ya mwaka 2012: karani wa chama kile huweka gunia tupu juu ya mizani, anairudisha kwenye sifuri, ndipo anapima. Ukiufuta mstari ule, mkulima anakatwa gunia mara mbili.

Kwa hiyo tulipoamua kutoka Subversion kwenda Git, zote programu za kutunza historia ya msimbo, hapa ofisini kwetu Moshi, na mwenzangu mmoja akasema, "Kaka, chukua msimbo wa leo, tuanze upya, historia ya nini?", nilimwonyesha ujumbe ule. Hakuuliza tena. Ila nakiri kwamba yeye alikuwa anazungumzia kazi ya siku moja, mimi nikatumia wiki tatu.

Wiki hizo hazikuliwa na amri. Zililiwa na majina.

Subversion inamjua mtu kwa jina lake la kuingilia tu. Git inataka jina na barua pepe katika kila komiti, na hivyo viwili huingia kwenye hesabu inayozaa utambulisho wa komiti. Ukisahihisha herufi moja baadaye, utambulisho wa komiti ile na wa zote zilizojengwa juu yake unabadilika. Basi andaa faili la majina kabla ya yote, kila jina la zamani na mwenyewe, kisha uipe git svn, amri inayohamisha historia ya Subversion kwenda Git, faili hilo kwa --authors-file. Ikikutana na jina lisilomo kwenye faili, inagoma hapo hapo.

Kwenye orodha yangu yalitoka majina 11, nikayatambua sita. Kulikuwa na "admin", kulikuwa na "jmm", na kulikuwa na "user2" aliyefanya kazi nyingi kuliko wote mwaka 2013. Ikabidi nimpigie mzee aliyeianzisha programu, ambaye amestaafu na sasa yuko Marangu na migomba yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo kimeharibika nini?"

Nikamweleza. Akacheka sana. "Admin" ni yeye mwenyewe, "jmm" pia ni yeye, baada ya kusahau nywila. User2 walikuwa vijana watatu wa mafunzo kwa vitendo waliogawana kompyuta moja. Nani aliandika kipi, hata wao hawakumbuki. Niliwaandika "Vijana wa mafunzo" na barua pepe ya ofisi, nikaishia hapo. Usimpe mtu komiti usiyo na hakika nayo. Siku moja mtu atauliza nani alibadilisha hesabu ya malipo, na jina litakalotokea ni hilo uliloliweka wewe. Na walioondoka, waulize kabla hujaweka anwani zao binafsi.

Uhamishaji wenyewe usiufanye kupitia mtandao. Git svn huvuta toleo moja moja, na sisi tulikuwa na zaidi ya 6,000. Nilitoa nakala nzima kwenye seva kwa svnadmin dump, nikaibeba kwa flashi, nikaipakia kwenye kompyuta yangu kwa svnadmin load, nikavuta kutoka kwenye diski. Umeme ulikatika mara mbili. Ukirudi, unaendesha git svn fetch, nayo inaendelea ilipoishia.

Maelekezo mengi utakayoyasoma yanakuambia utumie --no-metadata ili ujumbe wa komiti uwe msafi. Mimi sikubaliani. Chaguo hilo huondoa mstari wa git-svn-id, ambao ndio unaobeba namba ya toleo la zamani. Daftari letu la matatizo limejaa maneno kama "imerekebishwa r2417". Bila mstari ule, namba hizo zinakuwa hadithi tu. Uchafu wa mstari mmoja naubeba.

Matagi, yaani alama za matoleo yaliyokwisha kutolewa, nayo yana ujanja wake. Kwenye Subversion tagi ni folda iliyonakiliwa tu, hakuna kinachomzuia mtu kuendelea kuandika ndani yake, na sisi tuliandika. Git svn huyaleta kama matawi, yaani mistari ya kazi inayoendelea, unayageuza kuwa matagi wewe mwenyewe. Kagua moja moja kabla ya kugeuza.

Kisha kuna yale mafaili tusiyoyasema mbele za watu. Mtu aliwahi kuweka nakala ya hifadhidata, akaifuta kesho yake. Kwenye Subversion hakuna aliyeiona tena, maana unachukua toleo la leo tu. Kwenye Git kila anayenakili repo, yaani ghala la msimbo, anabeba historia yote, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia repo, inakataa faili linalozidi MB 100. Nililiondoa kwa git filter-repo, zana ya kuandika upya historia, kabla mwenzangu yeyote hajanakili, kwa sababu kazi hiyo nayo hubadilisha utambulisho wa komiti. Ukikuta nywila humo ndani, usiifute tu. Ibadilishe.

Folda tupu Git haizihifadhi. Yetu ya ripoti ilipotea, programu ikagoma kuwaka. Dakika tano, faili dogo ndani yake, imekwisha.

Mwishowe toa trunk, yaani folda kuu ya msimbo kwenye Subversion, kwa svn export, iweke pembeni ya ile ya Git, linganisha kwa diff -r, na kila tofauti uweze kuieleza. Siku ya kuhama, funga uandishi kwenye seva ya zamani. Hook ya pre-commit, yaani skripti inayoendeshwa kabla komiti haijapokelewa, inayokataa kila kitu inatosha. Sisi tulichagua Aprili, mvua zinanyesha na mizani imelala. Msimu ukishaanza, usithubutu.

Seva ile ya zamani bado inawaka chini ya meza yangu, kwa kusoma tu. Mwenzangu anataka kuizima apate soketi ya kuchajia simu. Nimemwambia asubiri msimu mmoja upite.